Kudata au kupenda: linganisha kabla hujaamua, linganisha tena kabla hujajitibu

Vijana wengi wa hapa Mwanza wakitafuta ushauri wa mapenzi huja na swali moja: nitajuaje kama ananipenda kweli? Ni swali la haki, lakini linamchunguza mtu ambaye moyo wake huuoni. Swali ambalo jibu lake unalo wewe ni lile lisiloulizwa: mimi nampenda, au nimedata, yaani nimepagawa naye tu? Nimekaa kwenye vikao vya posa ambavyo barua imesomwa, kishika uchumba kimepokelewa, na hakuna aliyewahi kujiuliza hilo. Nimekaa pia na walioachwa kwenye mataa, wanahangaika mwaka mzima na kidonda wasichokijua.

Kwa hiyo nayaweka haya mawili sambamba. Aliye kwenye uchumba apate pa kupimia. Aliyekwisha kuumia naye apate, maana namna ya kupona inategemea kilichovunjika kilikuwa kipi kati ya hivi viwili. Hilo watu hawaliambiwi, na ndilo linaloniuma.

Ukali wa hisia haupimi kitu

"Sijawahi kujisikia hivi kwa mtu yeyote." Maneno hayo hutolewa kama ushahidi wa upendo, kumbe kudata nako kunatoa ushahidi uleule, mara nyingi kwa sauti kubwa zaidi. Huli, hulali, jina lake likitajwa tumbo linakatika.

Dorothy Tennov, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwahoji mamia ya watu kuhusu hali hii na kuchapisha alichokipata mwaka 1979. Aliyedata, alieleza, huvamiwa na mawazo ya mtu huyo bila kuyaita. Kila jambo dogo analofanya mwenzake hugeuka ishara. Kasoro zake hugeuka sifa. Hilo la mwisho wahenga wetu walilijua zamani: akipenda, chongo huita kengeza. Lakini Tennov aliona jambo jingine ambalo kwangu ndilo ufunguo wa mlango wote. Hali hii hulishwa na mashaka na vikwazo. Inataka tumaini kidogo na wasiwasi mwingi. Ukimpa mtu uhakika kamili, moto hupoa. Ukimnyima tumaini lote, hupoa pia, polepole. Ukimweka katikati, leo unamjibu kesho unamnyamazia, unawaka. Kwa makadirio yake, kwa kawaida huwaka kati ya miezi 18 na miaka 3.

Sisi wa kando ya ziwa vikwazo tunavijua. Kwa miaka mingi mwenye mpenzi ng'ambo, Sengerema au Geita, alikuwa na kivuko cha Kigongo–Busisi katikati yao. Foleni ya magari, kusubiri juani, kisha maji. Kuonana kulikuwa safari ya kupangiwa, na kutokuja kulikuwa na sababu tayari mdomoni: kivuko kimechelewa. Daraja lilipofunguliwa Juni 2025, safari ile ikawa dakika chache za gari. Wapo wapenzi ambao tangu hapo wanaonana kila wiki na sasa wanaongea habari za kiwanja na matofali. Wapo pia ambao penzi lilififia baada ya kikwazo kuondoka. Fundi pikipiki mmoja aliniambia kwa mshangao wa kweli, "Kipindi kile nilikuwa namkumbuka mpaka naumwa. Sasa akija, sijui tuongee nini."

Hakuwa mwongo kipindi kile. Alikuwa anaipenda safari, kusubiri na kukosa. Jiulize basi: kikwazo kilicho kati yetu kikiondoka kesho, wawe wazazi wanaokataa, umbali au siri, kitabaki nini cha kufanya pamoja siku ya Jumanne?

Kipimo cha pili kinahusu wewe ulikuwa wapi mlipokutana. Wavuvi wetu wa dagaa hutoka giza la mwezi. Taa ikiwekwa juu ya maji, dagaa wanaikusanyikia. Mbalamwezi ikikomaa, taa ileile haivuti, na mitumbwi hubaki nchi kavu. Moyo nao uko hivyo. Mtu aliyetoka kufiwa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale chuoni Malimbe asiyemjua mtu, mama aliyeachika juzi na watoto wawili: kwake mtu yeyote mwenye maneno matamu anang'aa kuliko alivyo. Simlaumu. Ninachomwomba ni asiamue akiwa gizani. Apate kwanza marafiki, kazi, usingizi, kisha atazame kama mtu yule bado anang'aa.

Na usiyaamini sana mapigo ya moyo. Mwaka 1974 watafiti wawili, Donald Dutton na Arthur Aron, walimweka msichana mmoja awahoji wanaume juu ya daraja la kamba linaloyumba juu ya bonde refu huko Kanada, na wengine juu ya daraja imara lililo chini. Waliohojiwa kwenye daraja la kutisha ndio waliompigia simu baadaye kwa wingi zaidi. Mwili ulikuwa na hofu, wao wakadhani ni mvuto. Penzi la kujificha, penzi la mume wa mtu, penzi la mtu ambaye hujui leo ataamka na hasira au na busu: moyo utadunda kweli, lakini huenda unadunda kwa woga.

Siku ya kawaida, upande kwa upande

Tuanze na simu, kwa sababu ndiyo inayoanika mengi.

Pale Mwaloni Kirumba nilikaa na binti anayeuza dagaa kwa gunia. Simu ameilaza juu ya gunia, kioo kikitazama chini. Mteja anauliza bei, yeye anaigeuza simu, anaangalia, anailaza. Mteja anataja bei yake, anaigeuza tena. Mteja akachoka, akahamia kwa jirani, akanunua magunia huko. Binti hakumwona hata alipoondoka. "Mayu," akaniambia, yaani mama kwa Kisukuma, "alikuwa hewani tangu saa nne. Ameona ujumbe. Hajajibu." Niliiona sura yake jibu lilipoingia hatimaye: neno moja, "poa." Siku yote ikang'aa kwa "poa" hiyo. Nilitamani nimkumbatie.

Kwa wanaopendana, simu ni chombo tu. "Nimefika." "Mtoto kalala?" "Njoo na nyanya." Hakuna anayeusoma ujumbe mara nyingi kutafuta maana iliyojificha, kwa kuwa maana haijafichwa. Ukiona unahitaji rafiki wa kukusaidia kutafsiri ujumbe wa mpenzi wako, hapo kuna jambo la kuangalia.

Kisha ugonjwa. Aliyedata huja hospitali na maua, au huja na machozi, au haji kabisa kwa sababu hospitali inaharibu picha aliyoijenga. Mwenye upendo huja na chupa ya uji. Nimemwona kijana mmoja Bugando na mama wa mchumba wake, mama mwenye sukari iliyomchosha miguu. Kijana ameshika faili, ameshika kiti cha magurudumu, anapanda nao kutoka dirisha moja hadi jingine, na foleni ya dawa ilipomfikia akagundua karatasi moja imebaki juu. Akarudi. Hakunung'unika, hakupiga picha, hakumwambia mama yule kwamba anafanya haya kwa ajili ya binti yake. Mchumba wake siku hiyo alikuwa kazini. Yaani kijana alifanya yote hayo pasipokuwa na wa kumtazama.

Kwenye ugomvi, tofauti ni hii: wanaopendana hugombana juu ya jambo, na jambo likiisha ugomvi umeisha. Waliodatana hugombana kama radi na kupatana kama sherehe, na jambo lenyewe halijaguswa. Wapo wanaoipenda sherehe hiyo ya kupatana kuliko kitu kingine chochote, na wanaiita mapenzi moto. Ila nikisema ugomvi sisemi kipigo. Anayekupiga leo na kukulilia kesho simweki kwenye ulinganisho huu hata kidogo. Huyo nenda ukamripoti Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi kilicho karibu nawe, na uondoke mahali hapo.

Kuhusu pesa sitakawia. Nauli inayotumwa na mtu asije, mkopo wa kikoba uliochukuliwa kwa jina lako ili kumfurahisha mtu: yajue hayo kwa jina lake: ni kunyonywa, si kupendwa.

Na ndugu? Ukipenda boga, penda na ua lake. Aliyedata anataka boga peke yake, wawili nyie na dunia iwe mbali. Mtoto uliyezaa zamani anamkera, dada zako wanamkera, kazi yako inamkera kwa sababu inakuondoa. Mwanzoni hiyo huonekana kama wivu mtamu. Mwaka wa pili inakuwa kifungo.

Nisieleweke vibaya: sisemi upendo wa kweli ni ubaridi, kwamba ukiona moto basi ukimbie. Mwaka 2011 Bianca Acevedo na wenzake walichunguza ubongo wa watu 17 waliokuwa kwenye ndoa kwa wastani wa miaka 21 na wanaosema bado wanawapenda wenzi wao kwa hamu. Walipoonyeshwa picha za wenzi hao, sehemu za ubongo zinazohusika na furaha na hamu ziliamka, kama zinavyoamka kwa wapenzi wapya. Kilichopungua kilikuwa ule wasiwasi na mawazo ya kuvamiwa. Hamu ilibaki, mahangaiko yakaondoka. Basi usichague kati ya moto na amani kana kwamba ni lazima uache kimoja.

Kuhamia kwake sasa, au kusubiri?

Hapa nina msimamo, na nautoa wazi. Ikiwa vipimo vya juu vinakuonyesha kudata, usihamie. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka 2 au zaidi kwa namna iliyowafanya waonekane ni mume na mke, mahakama itachukulia kuwa wameoana hadi ithibitishwe vinginevyo. Sasa rudi kwenye makadirio ya Tennov, miezi 18 hadi miaka 3. Yaani macho yako yanaweza kufunguka wakati uleule sheria imeshaanza kuwahesabu kuwa wanandoa, pengine na mtoto yupo, na vyombo vya ndani mmenunua pamoja. Kwa mwanamke aliyetelekezwa, kifungu hicho ni kinga na nakishukuru. Kwa aliyehamia kwa mtu asiyemjua kwa sababu wiki tatu zilikuwa tamu, ni fundo la kufungulia mahakamani.

Kusubiri hakugharimu mapenzi ya kweli chochote. Mpelekee mshenga, mchukue muda, muone misimu miwili mitatu ya mwaka mkiwa kila mtu kwao. Anayekwambia "ukinipenda utahamia kesho" anakuomba uamue taa ikiwa imekuwakia usoni.

Kwa aliyekwisha kuvunjika

Kwanza, hudeki. Ukiambiwa "si mapenzi tu hayo, yatapita," ujue kwamba mwaka 2011 watafiti wa Marekani waliwachukua watu 40 walioachwa miezi michache nyuma, wakawaonyesha picha za waliowaacha, na kwa wakati mwingine wakawagusisha joto kali mkononi. Sehemu zilezile za ubongo zinazohusika na maumivu ya mwili ziliamka mara zote mbili. Unaumwa. Mtu anayeumwa hutunzwa.

Lakini kabla ya dawa, jiulize unalilia nini. Kaa nalo hili. Je, unamkosa *yeye*, namna alivyokuwa akipika ugali huku anasimulia ya kazini, mkono wake mgongoni kwa mtoto, mtu wa kumwambia habari ya msiba wa shangazi? Au unakosa *kungoja*: ujumbe, ishara, ile ndoto ya mtakavyokuwa siku moja Capri Point mkitazama ziwa? Anayemkosa mtu anaweza kukutajia mambo mengi madogo yaliyotokea. Anayekosa kungoja anakutajia mambo ambayo yangetokea.

Kama ni la pili, ulidata, na dawa ni kukata. Helen Fisher na wenzake walichunguza mwaka 2010 watu 15 waliokataliwa lakini bado wanapenda, wakakuta ubongo ukiamka katika sehemu zinazohusika na uraibu wa kokeini. Wakakuta pia kwamba kadiri siku zilivyokuwa zimepita tangu kukataliwa, ndivyo sehemu inayohusika na kumganda mtu ilivyotulia. Siku zinafanya kazi, mradi usizirudishe nyuma. Kila ukichungulia stetasi yake umejipa dozi. Mbloku, waambie marafiki wasikuletee habari zake, ombolezo lako lisitegemee bando. Kama mko mwalo mmoja au ofisi moja, salamu fupi ya heshima inatosha: "Habari." "Nzuri." Uendelee na kazi yako. Hapa "tubaki marafiki" ni sumu, maana ni lile tumaini kidogo linalolisha moto.

Na wale waganga wanaobandika matangazo kwenye nguzo za umeme, kumrudisha mpenzi ndani ya siku chache, nakusihi uwapite. Anachokuuzia ni tumaini, na tumaini ndilo ugonjwa wako.

Kama ni la kwanza, ulipenda kweli, na huo ni msiba. Hapa ndipo ninapoona watu wetu wanaonewa. Mtu akifa, jirani wanakuja, maturubai yanafungwa, sufuria zinapangwa, hakuna anayekuuliza kwa nini unalia. Ukiachwa baada ya miaka sita, kesho yake unatakiwa dukani. Basi jitengenezee matanga yako. Chagua watu wawili au watatu wanaojua kunyamaza. Nenda kwa mama ukae wiki, ule unachopikiwa. Simulia yote, mwanzo hadi mwisho. Kumbloku si lazima. Kama mna watoto, huwezi hata, na mazungumzo ya ada na kliniki yaendelee kwa saa maalumu na kwa maneno machache. Padri, mchungaji au shehe anayekufahamu anasaidia sana hapa, kwa kuwa dini zetu zinajua kuomboleza.

Watu hushauri pia kuandika yaliyo moyoni. Ni ushauri mzuri kwa wengine na mbaya kwa baadhi. David Sbarra na wenzake waliwafuatilia watu 90 waliotengana na wenzi wao, wakachapisha mwaka 2013: wale wenye tabia ya kurudiarudia mawazo na kutafuta maana ya kila kitu, walipoambiwa waandike hisia zao, walikuwa na hali mbaya zaidi miezi kadhaa baadaye kuliko wenzao wa aina hiyo walioandika tu walichofanya siku hiyo. Wewe unajijua. Kama kichwa chako hakiachi kuuliza "kwa nini," daftari lako liandike: nimeamka saa kumi na mbili, nimefua, nimekwenda Buzuruga, nimenunua sato wawili.

Mpenzi mpya? "Dawa ya moto ni moto" ni methali ya watu wenye haraka. Aliyedata akirukia mwingine mara moja amehama taa tu. Aliyeomboleza ataweza kupenda tena, na dalili ninayoiamini ni kwamba anamtaja yule wa zamani bila machozi na bila matusi.

Wiki mbili zikipita hulali, huli, huoni raha ya kitu chochote, au wazo la kujidhuru limekupitia hata mara moja, usingoje ushauri wa shangazi. Hospitali ya Bugando inatibu magonjwa ya akili, na hata kituo cha afya cha kwenu kinaweza kukupa rufaa. Mpeleke mwenzako ukimwona hivyo, mshike mkono mwende wote, usimwambie tu "nenda."

Akirudi

Wengi hurudi, na hapo ulinganisho unahitajika upya. Ujumbe wa saa tano usiku, "umelala?", hauna swali ndani yake. Ni kuchungulia kama mlango bado uko wazi. Anayerudi kwa kudata huanza na "nimekukumbuka," na ukimjibu kwa upole anatoweka wiki nyingine. Anayerudi kwa upendo huanza na alichokosa, anakitaja kwa jina lake, na hakukimbizi ujibu. Mwambie aje Jumamosi saa nane mchana, akae sebuleni, mama au dada yako akiwa jikoni. Muulize kilichobadilika ni nini, nyamaza, umpe nafasi ajibu mpaka mwisho. Asipofika, usimtafute kujua sababu.